Jino Lililonyamaza

Tabata, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuuma na mahindi mmeshayaingiza ghalani. Sisi hapa tunapumua, mimi na Mama Kalunde, ila tangu jana chakula hakipiti. Barua yako imetufika ikiwa imekaa njiani wiki mbili, na kuna mstari mmoja umenitia hofu kubwa. Utaona hata mwandiko.

Umeandika kwamba binti yetu Kalunde, tuliyekuachia hapo Inyonga aanze shule, jino halimuumi tena, umelitibu kwa asali, limebaki shavu tu kuvimba. Na wewe umefurahi. Mama, usifurahi. Mpeleke mtoto hospitali Mpanda leo hii unaposomewa barua.

Ngoja nikueleze, maana hata mimi nilikuwa sijui. Jino langu la nyuma lilitoboka, nikawa nikinywa maji baridi naruka. Nikakumbuka ile asali ya nyuki wadogo uliyonipa, kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Imetibu vidonda vyetu vyote tangu utoto, nikasema na jino italiweza. Kila nikienda kulala nalowesha pamba, naisokomeza kwenye tundu, nalala nayo. Baada ya muda maumivu yakakata. Nikamtambia Mama Kalunde, umeona dawa ya kwetu?

Basi mwezi uliopita nikaamka uso umevimba, jicho halifunguki, mdomo haupitishi hata kijiko. Kiwandani wakanipeleka kwa daktari wa meno. Ni dada mdogo tu, lakini mkali. Akapiga picha ya jino, akasema, "Kaka, hili limeshakufa ndani. Usaha umefika kwenye mfupa wa taya."

"Mbona haliumi?"

"Lililokufa litaumaje? Ulikuwa unaweka nini humu?"

"Asali."

"Asali si sukari hiyo? Unalala na sukari kwenye jino bovu!"

"Lakini ni ya nyuki wadogo, dada."

"Hata wangekuwa wadogo kama vumbi."

Akasema ndani ya jino kuna mshipa unaoshuka mpaka kwenye mizizi, atautoa wote, asafishe mizizi, kisha azibe. Niliposikia kutolewa mshipa, mama, nilishuka kwenye kile kiti. Mtu akitolewa mshipa si anapooza? Nikajiona nalishwa uji na Mama Kalunde maisha yangu yote. Yule dada akacheka, ndiyo mara pekee aliyocheka, akanionyesha kwa vidole kuwa mshipa wenyewe ni uzi tu, na ulishaoza. Akanichoma ganzi, akaingiza visindano vyembamba, akasugua mizizi, akaweka dawa. Nimerudi mara tatu ndipo akaliziba. Ganzi ilizuia maumivu lakini woga haikuuzuia, shati lote lilikuwa limelowa.

Sasa sikiliza aliyoniambia. Jino likianza kushtuka kwa maji baridi au chai ya moto, huo ndio wakati wa kwenda, tundu dogo huzibwa tu. Likiuma sana halafu likanyamaza lenyewe, na shavu likavimba, usaha unatembea. Unaweza kupanda jichoni au kushuka kooni ukaziba pumzi, na mtoto hana nguvu ya mtu mzima. Jana nilipomaliza kusoma barua yako nilikimbia kwake kumwuliza, la utoto je, si litang'oka tu? Akasema usaha ni usaha, mtoto aondoke mara moja.

Sikulaumu, mama. Mimi niliyesoma mpaka la saba nimefanya hivyo hivyo. Lakini asali usimtie tena, shavu usilikande, wala asilitumbue mtu. Panda lori lolote la tumbaku linalokwenda Mpanda, usingoje basi. Kutibu mizizi huenda hawana vifaa, watataka kuling'oa. Waling'oe, usibishane nao. Akishapona apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na baada ya ule wa usiku asile kitu, hata kipande cha sega.

Nimetuma na simu ya maandishi kupitia posta. Ikikufika usianze kulia, si msiba. Nimeomba ruhusa kiwandani, nikipewa nitapanda treni, lakini nakuomba sana usinisubiri.

Nisalimie dada Tabu anayekusomea, asiruke neno. Nisalimie baba mdogo mrina asali, asininunie kwa niliyosema juu ya mali yake. Na jirani yetu aliyemfundisha Kalunde kusuka mikeka, mwambie ashike zamu ya kuku wakati wewe hupo.

Mkinijibu, msianze na salamu. Mstari wa kwanza kabisa niandikieni kama mtoto wangu yupo.

Mwanao,
Simoni