Rangi ya Kijani Kwenye Mguu wa Papa

Likasi, Jumapili

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Danielle,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini Kinshasa inakutunza pamoja na joto lake, na mgongo hauumi tena. Sisi tu wazima, ila uchovu umenishika kuliko malaria. Naandika badala ya kukutumia vokali, ile sauti ya kwenye simu, kwa sababu Papa husikiliza kila kilichomo kwenye simu yangu. Jirani yetu Fidélie anasafiri kesho, ndiye atakayekuletea barua hii.

Ni juu ya ule mguu wa bandia wa alumini uliomtumia Papa. Ulipasuka ukiwa umeegemezwa ukutani, mwenyewe bado amelala. Akasema ulimnunulia kitu cha bei rahisi. Hapana, Yaya, ulikuwa mzuri. Niliupeleka kazini, injinia wetu Madame Cathy akautazama kwa lensi. Alinieleza kwamba alumini ngumu namna hii, ya kutengenezea ndege, haivumilii kubanwa bila kulegezwa na huku inalowa maji mabaya. Ufa huanza mdogo usioonekana, ukatembea ndani polepole, hata kama hakuna anayeukanyaga. Papa alikuwa anakaza ile pete ya chini kila asubuhi ili mguu usilie akitembea. Hilo nililijua. Lakini ndani ya ufa mlikuwa na rangi ya kijani, ile ya kutu ya shaba, na Madame Cathy akaniuliza ni wapi baba yangu anaosha mawe ya shaba.

Kumbe zile asubuhi alizosema anaenda misa, alikuwa anaenda mgodini Kamatanda. Anasimama majini kuosha mawe, palepale udongo ulipomponda mguu wake hadi ukakatwa. Nilipomuuliza hakukana. Alisema tu, "Miye siko kiti ya mu nyumba, Rolly."

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Mguu wa pili uliotuma umefika. Nimeuficha kabatini kwangu kazini, na karatasi zake hazijafunguliwa. Nikimpa, atarudi majini. Nisipompa, anabaki kwenye kiti, na kila jioni ananiuliza kama umemsahau, nami nabadili mazungumzo. Nimechoka kumficha. Amua wewe, Yaya, mimi nitafanya utakavyosema.

Wasalimie watoto na shemeji. Papa naye anakusalimia. Ameniona nikiandika, akaniomba nikwambie kwamba hata ukituma mguu wa mti, atauvaa.

Mdogo wako,
Rolly