Kigari cha Kahawa cha Harusi ya Firdausi

Jumatatu, 4 Agosti

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii ya Tangini — yaani mimi, mke wangu Saida na kuku wanne — kwamba leo saa kumi na moja jioni Latifu, mtunza stoo wa shule ya sekondari, miaka hamsini na mbili, kitambi cha wastani, ameteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kahawa. Kamati ina mjumbe mmoja. Mjumbe huyo ndiye mwenyekiti. Hakukuwa na mgombea mwingine.

Aliyeniteua ni binti yangu Firdausi, kwa simu. Anaolewa tarehe thelathini, Kisarawe, kwenye nyumba ya marehemu baba. Hataki ukumbi. Hataki msururu wa magari. Gauni kajinunulia mwenyewe kwa mshahara wake wa Dar. Anataka kitu kimoja: kigari cha kahawa. Kile chenye mashine, kinachosukumwa kama cha aiskrimu, mtu kasimama nyuma yake na aproni anakuchorea moyo juu ya povu la maziwa. Alikiona kwenye harusi ya mwenzake wa ofisini.

Nikamuuliza povu linaongeza nini kwenye ndoa. Akacheka. Baba, hicho kimoja tu, sitaomba kingine.

Na ni kweli hataomba. Huyu ndiye aliyemlipia mdogo wake ada miaka miwili bila kumsimanga mtu. Nikasema sawa. Bei yake mwenyekiti haijui.

Jumatano, 6 Agosti

Mwenyekiti sasa anaijua. Afadhali asingeijua.

Mwenye kigari wa kwanza, wa Dar, aliuliza harusi iko wapi. Kisarawe, nikasema. Halafu akataja milioni moja na nusu, polepole, kama daktari anayekupa majibu.

Wa pili nimemfuata mwenyewe, hapa hapa Kibaha, Maili Moja. Anaitwa Margareth. Mama mchangamfu, ana kigari cheupe kizuri, na ana kalamu. Kalamu yake ndiyo shida. Laki saba kwa saa tatu na vikombe themanini. Nikashusha pumzi — si mbaya sana. Kumbe ndiyo kwanza anaanza kuandika. Usafiri mpaka Kisarawe, laki na ishirini. Jenereta, elfu themanini, maana mashine yake haitaki umeme wa kubahatisha. Wageni wangapi? Mia mbili na hamsini. Akanitazama kwa huruma. Kila kikombe kinachozidi themanini ni elfu tatu na mia tano.

Nikamwambia wazee wengi hawatagusa maziwa yenye moyo. Tukakubaliana viongezeke arobaini tu. Jumla: milioni moja na elfu arobaini. Nusu inatangulia na hairudi.

"Na nikija na maziwa yangu?" nikajaribu. "Nina jamaa Magindu, anafuga."

"Baba yangu, maziwa ya Magindu na mashine hii hawajatambulishwa."

Nimelipa laki tano na elfu ishirini. Zilikuwa za bati za choo. Choo kitasubiri, kimezoea.

Kwenye bajeti ya kamati kuu nitaweka jumla yote, michango ikiingia nirudishiwe. Kwenye karatasi nimeandika: Kahawa, huduma kamili, 1,040,000. Neno kigari nimeliacha. Sababu ninayo. Nitaiandika nikipata moyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Sababu ni kaka Mwinyimadi.

Kaka anauza kahawa pale Kisarawe mjini tangu mimi niko darasa la sita. Birika lake la shaba, jiko la mkaa chini yake, vikombe vidogo vya kauri vinagongana mkononi. Mia mbili kikombe, tangawizi haiongezewi bei. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye birika lile. Na kwenye ukoo wetu hakuna ndoa iliyofungwa bila kaka kuamka alfajiri, kuwasha mkaa wake na kuwamiminia wanaume waliokaa kwenye mikeka. Hajawahi kuombwa. Hajawahi kulipwa. Haiandikwi popote. Ni kama kumwambia shehe avae kanzu.

Sasa mwaka huu mikeka itatandikwa, na mbele yake atasimama mtu na aproni.

Saida anasema kesho niende nimwambie, mimi ni mwanaume mzima. Nitakwenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kwa njia ya Kiluvya. Vumbi. Nilimkuta uani anatwanga kahawa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Naona tumbo limetangulia, wewe unafuata."

Nikacheka. Nikakaa. Akaniuliza Kibaha mnaendeleaje, bado mnakunywa maji ya moto yenye majani mnaita chai? Nikamjibu tunakunywa. Akanitengea kikombe. Nikanywa vitatu.

Nimemdokeza kidogo habari ya kigari.

Hapana. Nalidanganya hata daftari langu. Sikudokeza lolote. Tuliongea juu ya ndizi zake zilizoliwa na ngedere, nikamsikitikia sana, nikarudi.

Jumapili, 17 Agosti

Siku mbaya.

Kikao cha mwisho cha harusi, Kisarawe, watu kama thelathini uani. Mweka hazina ni dada yetu Zubeda, na Zubeda akisoma bajeti anasoma kwa sauti ya kutangaza matokeo ya mtihani. Mchele. Nyama. Maturubai. Kila kifungu watu wanaguna au wanaitikia. Mimi jasho.

"Kahawa, huduma kamili. Milioni moja na elfu arobaini."

Hakuna aliyeguna. Watu wote wakageuka wakamtazama kaka Mwinyimadi. Mama mmoja akapiga kigelegele kifupi. Ndipo nilipoelewa wameelewaje: nani mwingine alipwe kwa kahawa kwenye ukoo huu? Wamedhani Latifu, baada ya miaka yote hii, amekumbuka kumlipa kaka yake.

Na kaka naye akadhani hivyo.

Akasimama. Alivua kofia. Akasema ameshika birika miaka thelathini na saba, ameoza watoto wa watu na watoto wetu, na leo ndiyo mara ya kwanza jina la kahawa kuandikwa kwenye karatasi. Akasema huyu mdogo wangu mnamwona anacheka cheka tu, kumbe ana moyo. Kisha akasema hela hiyo haitaki. "Siuzi kahawa kwenye harusi ya mwanangu. Iongezeni kwenye nyama. Watu wale washibe."

Makofi. Zubeda akafuta pale pale kwa kalamu nyekundu, akahamishia kwenye nyama. Kahawa: sifuri.

Na mimi nilipiga makofi. Nilipiga kuliko wote.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempigia Margareth. Je, mtu akiahirisha kigari? Nusu hairudi, baba. Je, akibadilisha tarehe? Inawezekana, kama na bwana harusi atakubali kubadilisha.

Sikula mchana.

Alhamisi, 21 Agosti

Saida kanikalisha kitako. Anaongea taratibu, ambayo ndiyo hatari yake.

"Baba Firdausi, una watu wawili wa kuwaambia. Mwambie mmoja tu, yeyote. Mambo yatakwisha."

Ni kweli tupu. Nikimwambia Firdausi hakuna kigari, kaka anabaki na heshima yake, nami napoteza laki tano. Nikimwambia kaka kigari kipo, Firdausi anapata kitu chake kimoja, na kaka anajua alisimama mbele ya watu thelathini akashukuru kitu ambacho sikumpa. Nimechagua la kwanza. Rahisi.

Nikampigia. Kabla sijasema akaniwahi: amewaambia wenzake wa ofisini wote, wanakuja sita, na Margareth amekubali kubandika majina ya maharusi ubavuni mwa kigari, Firdausi na Ashrafu, kwa maandishi ya dhahabu. Bure kabisa.

"Baba, hujui ulivyonifurahisha. Nilidhani utasema ni mambo ya Kizungu."

Nikasema hapana, mimi ni mtu wa kisasa.

Saida alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi jikoni.

Jumanne, 26 Agosti

Nusu ya pili nimeipata kwenye SACCOS ya shule, mkopo wa dharura. Fomu inauliza aina ya dharura. Kuna msiba, ugonjwa, moto na mafuriko. Kahawa hawajaiweka. Nimetia tiki "nyinginezo". Karani, kijana Brighton, akauliza mzee kuna nini? Nikamwambia mambo ya ukoo. Akatingisha kichwa kama amefiwa yeye.

Makato miezi kumi. Kwa hiyo gharama ya kigari kwa saa tatu ni kama ifuatavyo: choo changu, mshahara wangu mpaka mwakani, na uso wangu. Huo Margareth hakuuandika.

Ijumaa, 29 Agosti

Kisarawe tangu asubuhi. Maturubai yamefungwa. Nyama ni nyingi kweli, wapishi wanalalamika masufuria hayatoshi. Hiyo ndiyo hela yangu inayochemka.

Kaka kanunua vikombe vipya arobaini. Nilipomuuliza hela katoa wapi akasema nisiulize, heshima ikija nyumbani unaitafutia kiti. Amechagua pa kukaa: kwenye kona ya turubai karibu na mikeka, penye kivuli na ardhi iliyo sawa. Amepafagia mwenyewe.

Saa tisa Margareth akatuma ujumbe. Anataka mahali tambarare, penye kivuli, karibu na wageni. Nimezunguka uwanja wote mara tatu. Mahali pa namna hiyo ni hapo tu alipofagia kaka.

Nikamfuata kaka. Nikasema, kaka, kuna jambo. Akasema na mimi nina jambo: kesho ukae pembeni yangu, uwe unapokea vikombe vitupu, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Watu waone. Jambo lako ni lipi?

Nikasema nilitaka kuuliza kama mkaa unatosha.

Unatosha, akasema.

Jumamosi, 30 Agosti

Niko kwenye chumba cha stoo, nimekaa juu ya gunia la mchele. Nimesema nahesabu sahani. Mlango nimeurudishia. Ndoa imefungwa salama, alhamdulillahi, saa saba na dakika ishirini. Firdausi ni mke wa mtu. Yatasemwa mengi juu ya leo na mimi mwenyewe nitayasema vingine, najijua. Kwa hiyo naandika ilivyokuwa hasa, kabla sijaipamba.

Kigari kilifika saa nne, juu ya kipikapu. Cheupe, majina ya dhahabu ubavuni. Watoto walikimbia nyuma yake. Margareth akateremka na msichana wake wa mashine, Evaline, wakauliza wakiweke wapi. Hakuna aliyewajibu, watu wote walikuwa wananitazama mimi. Kaka alikuwa tayari kwenye kona yake, mkaa umeshika, birika linafuka mvuke. Akaja. Akakizunguka kigari chote taratibu. Akasoma majina. Akagusa bomba la mvuke kwa kidole kimoja.

"Latifu, hiki ni nini?"

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo tangu tarehe sita. Ni kigari cha kahawa, kaka, nimekikodi mimi, na ile hela kwenye karatasi ilikuwa yake, haikuwa yako. Maneno hayafiki hata ishirini.

Nikasema, "Wametuletea wakwe."

Ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyenilazimisha.

Akatikisa kichwa. Sikuona hasira. Akasema kama ni cha wakwe basi wapewe kivuli, mgeni hawezi kuleta zawadi ukaiweka juani. Akainama, akalinyanyua jiko lake na makaa yake yote mekundu, kwa mikono miwili, akaenda nalo nyuma ya nyumba kwa wanawake wanaopika. Mimi nilimbebea vikombe. Vyote arobaini. Njiani aliniambia tembea taratibu, utavivunja.

Wakati wa ndoa alimimina akitokea huko nyuma, anakuja na birika, anarudi. Wazee walimngoja yeye. Vijana na wenzake Firdausi walijipanga kwenye kigari, simu juu. Baada ya ndoa Firdausi alinifuata barazani, kashika kikombe chenye moyo, macho yamejaa maji. Baba, ahsante, akasema. Nilifurahi. Naandika hilo pia kwa sababu ni kweli: nilifurahi sana.

Kisha kaka akaja, amenawa mikono, amevaa kofia yake. Akasema kuna kitu hatujafanya. Watu wameleta mashine ya gharama yote ile na hakuna hata mmoja wetu aliyewashukuru, watasema ukoo huu hauna adabu. Akasema najua wewe baba wa bibi harusi unaona haya. Usijali, mdogo wangu, nitakwenda mimi kwa niaba yako.

Nikamwambia asubiri wakwe wale kwanza. Akasema shukurani haisubiri pilau. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe baadaye. Akanipiga bega, akanikumbusha kwamba naogopa watu tangu mdogo. Nikaingia humu.

Dirisha la stoo linaona mikeka yote. Kaka amemimina kikombe kimoja cha kahawa yake, kwenye vile vipya, na anakishika kwa mikono miwili asikimwage. Anapita katikati ya watu. Mzee Sadick, baba yake Ashrafu, amemwona anakuja na ananyanyuka kumpokea. Amepokea kikombe. Kaka ameweka mkono kifuani, anaongea. Anaongea kwa kirefu, ananyoosha mkono kwenye kigari.

Mzee Sadick anakitazama kigari. Anamtazama kaka. Anasema kitu, kifupi, huku anakataa kwa kichwa.

Kaka ameshusha mkono. Anageuka, ananitafuta kwa macho.