Picha ya Mlangoni

Jumanne, baada ya chakula cha usiku

Bado uso ule haunitoki. Leo nilijipiga picha ya kutundika mlangoni mwa studio yangu hapa Litein, ili wateja wamjue mpiga picha wao. Nilivaa koti jeusi, nikaketi wima mbele ya pazia la buluu, nikaitazama kamera bila kutabasamu.

Mke wangu alipoiona alishtuka. "Baba Chebet, hii si ya mlangoni. Hii ni ya jeneza."

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Kwenye kiti kile huwapiga picha wazee wagonjwa wanaoletwa na watoto wao, ili siku ya mazishi picha isikosekane. Hapo ndipo nilipompiga picha marehemu kaka yangu. Uso ulionitazama leo ulikuwa wake.

"Rudia," mke wangu akasema, "na ushike kamera yako. Maiti hashiki kitu."

Nilirudia jioni, kamera mkononi, shamba la chai la jirani nyuma yangu. Hiyo ndiyo nitakayoitundika kesho.

Ya kwanza sikuifuta. Siku moja wanangu wataitafuta, na hapa Litein hakuna mwingine ajuaye kupiga picha kama hiyo vizuri.