Tai Niliyomfunga Papa Lukusa

Kindu, Zaire
Jumatatu, saa nne asubuhi

Mpendwa Baba,

Pokea salamu na heshima zangu. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na Mama, kile kikohozi kimepungua, au bado anakitibu kwa ubishi? Mimi mwili wangu ni mzima. Malaria ilinishika mwezi uliopita ikaniachia, na nakula vizuri. Mchele wa huku Maniema ni mtamu kuliko ule anaouza mjomba, ila usimwambie.

Najua umeshangaa kuona jina lako kwenye bahasha. Barua zangu zote humwandikia Mama, naye anakusomea zile sehemu anazozipenda. Hii nakuandikia wewe, na ukishaisoma utaamua mwenyewe umwambie nini. Baba, narudi nyumbani kabla ya wakati. Miezi ishirini na minne niliyoahidi imekatika kwenye wa tisa. Kabla hujayasikia kwa watu, nataka uyasikie kwangu jinsi yalivyokuwa.

Maisha yetu ya kila siku unayajua kidogo. Tunaamka saa kumi na mbili, tunasoma maandiko, tunapiga pasi mashati meupe, halafu tunatembea mpaka jua linazama. Sisi wamisionari huenda wawili wawili, na kanuni ni kwamba hatuachani hata kidogo. Mwenzangu ni Mulumba, kijana wa Kikasai aliyekulia Lubumbashi. Yeye anakicheka Kiswahili changu, nami nakicheka chake. Watu hapa mtaa wa Kasuku wanatuita "wale wasiokunywa chai", maana kanisa letu linakataza chai, na kila nyumba tunayoingia, ya Mkristo au ya Mwislamu, tunaomba maji. Kwa cheo chetu tunaitwa Mzee, nami nina miaka ishirini na moja. Bibi mmoja sokoni aliniuliza wajukuu wangu wangapi.

Sasa sikiliza. Hapa Zaire raia mwanamume haruhusiwi kuvaa tai. Serikali ilisema ni vazi la mkoloni, na badala yake wanavaa koti la kola fupi lililofungwa hadi juu, wanaloliita abakosti. Mgeni huachiwa. Kwa hiyo Mulumba huhubiri kola wazi, na mimi, kwa kuwa nina pasipoti ya Kenya, huvaa tai siku ya Jumapili tu, ndani ya nyumba, tukiwa kwenye ibada. Njiani naitia mfukoni, maana sura yangu na zao ni moja, na askari hasomi pasipoti kutoka mbali.

Ibada tulikuwa tunaifanyia sebuleni kwa Papa Lukusa. Huyu ni karani wa reli, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, anakaa na mkewe Mama Ngalula na watoto wanne katika nyumba ya reli karibu na stesheni. Ungempenda. Anakasirikia behewa lililochelewa kama vile limemtukana yeye binafsi, na mara ya kwanza nilipomsikia nilikukumbuka mpaka nikatoka nje kidogo.

Jumapili ya wiki iliyopita ilikuwa siku yake ya kwanza kuubariki mkate wa ibada. Alinivuta pembeni.

"Mzee Mutua, unikopeshe kravati yako. Hapa mu nyumba tu. Zamani nilikuwa na moja, nilioa nayo."

Mulumba alisema, "Hapana, Papa. Hiyo iko mubaya." Mimi nikamwambia Mulumba asiwe mwoga, nani ataona ndani ya nyumba ya mtu? Nikaivua yangu nikasimama nyuma ya Papa Lukusa nikamfunga, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimesahau fundo. Aliubariki mkate. Mama Ngalula alilia, na mimi nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Ibada ilipokwisha Papa Lukusa akatusindikiza, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyosindikiza wageni wake. Tuliongea habari za treni ya Kongolo, tukacheka, tukafika barabarani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka ile tai. Wanaume wawili wa ofisi ya Chama walikuwa wanapita, wakasimama, wakamwita sitwayeni, yaani raia.

"Sitwayeni, hii mu shingo njo nini?"

Papa Lukusa akapeleka mkono shingoni. Niliona uso wake ukibadilika.

"Kravati iko ya nani?"

Baba, nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Jibu lilikuwa neno moja. Lakini nilikumbuka habari tunazosikia juu ya chumba kilicho nyuma ya ofisi ile, nikanyamaza. Papa Lukusa alinitazama mara moja, halafu akawageukia.

"Iko yangu," akasema. "Niliweka mu sanduku tangu zamani."

Wakaifungua shingoni mwake, wakaandika jina lake, wakamwambia asikanyage kazini mpaka aitwe Ijumaa. Wakaondoka nayo. Mimi niliendelea kusimama pale na kola yangu wazi, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Wewe mtu wa reli unajua nyumba ya reli ni nini. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Jumanne tulipokwenda kuwaona, tulimkuta Mama Ngalula nyuma ya nyumba anang'oa muhogo ambao haujakomaa, mizizi yake myembamba kama vidole vya mtoto. "Kama wanatufukuza hapa," alisema, "sitaachia wengine muhogo wangu." Kuhusu tai hakunitajia neno. Papa Lukusa alikuwa mlangoni, amevaa shati la kazi, hana la kufanya. Nilimwambia nitakwenda ofisini kusema kweli. Akanikata kauli.

"Weye uko mugeni wangu. Nyamaza."

Njiani Mulumba naye alinionya. Kanisa letu limepata kibali Kinshasa juzi juzi tu, na hapa Kindu karatasi zetu bado hazijapigwa muhuri. "Ukisema, wanakufukuza," aliniambia, "na pengine wanafunga kanisa." Kiongozi wetu Kinshasa hatukuweza kumpata. Jumatano tulikuwa na somo kwa familia moja, na kwa bahati mbaya lilikuwa somo la amri, usimshuhudie jirani yako uongo. Nilianza vizuri kisha maneno yakanikwama. Mulumba akalimalizia, nami nikakaa natazama sakafu. Niliona haya, Baba. Nimekuja nchi ya watu kuwafundisha ukweli, na mzee wa watu ananifichia uoga wangu.

Ijumaa nikaenda. Nilimsihi Mulumba abaki nje, kwa kuwa yeye ni raia na wangeweza kumfanya vibaya kuliko mimi. Alikataa. "Kanuni iko kanuni," akasema, akaja kukaa kwenye benchi mlangoni ninapomwona.

Mkubwa wa ofisi alikuwa mtu wa sauti ya chini. Tai yangu ilikuwa mezani mbele yake, na Papa Lukusa alikuwa amesimama kando. Sikungoja kuulizwa. Nilisema tai ni yangu, nilimvalisha kwa mikono yangu, na akitaka ushahidi aigeuze, mama yangu alishona jina langu nyuma kwa uzi mweupe. Akaigeuza. Akasoma taratibu, halafu akamtazama Papa Lukusa badala ya kunitazama mimi.

"Basi ulinidanganya?"

Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilikuja kumwokoa kosa la tai, nimemtia kwenye kosa la kuidanganya ofisi. Kichwani nilimwona Mama Ngalula na vyungu vyake barabarani, na safari hii ni mimi niliyewatoa.

"Sababu gani ulisema iko yako?"

Papa Lukusa hakuharakisha. "Huyu iko mutoto wa wenyewe," akasema. "Alikula kwangu."

Yule mkubwa aliikunja tai na kuikunjua. Mwishowe akatoa hukumu. Papa Lukusa arudi kazini Jumatatu, na kwa miezi mitatu, kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila raia, afagie uwanja wa ofisi mbele ya watu. Mimi niondoke Kindu kwa ndege ya Alhamisi. Pasipoti yangu waliibakiza, watanipa kwenye uwanja wa ndege. Kuhusu kanisa hakusema lolote, wala sisi hatukumkumbusha.

Nilidhani tukitoka nje Papa Lukusa atanishika mkono. Hakunishika. Alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Nilikuwa nimesema iko yangu," aliniambia. "Umeniweka muongo mbele ya wale watu." Akatangulia peke yake. Jana ibada tuliifanyia chumbani kwetu, na Mama Ngalula alikuja na watoto, lakini Papa Lukusa hakuja. Leo asubuhi tulipita stesheni nikamwona kwa dirisha, ameinama anaandika kwenye daftari lake la mabehewa. Hakuinua kichwa. Lakini alikuwa kazini, Baba, na nyuma ya nyumba Mama Ngalula amechomeka upya vijiti vya muhogo.

Barua hii anaibeba mfanyabiashara anayekwenda Bukavu, ataitia posta ng'ambo ya mpaka, maana za hapa hufunguliwa. Itafika kabla yangu. Kinshasa viongozi wa kanisa watanihoji, halafu watanipa tiketi. Unajua watakavyosema kanisani kwetu, kwamba kijana akirudi kabla ya miezi yake ameharibu jambo. Mama ataumia. Mwambie sikuiba, sikunywa, sikugusa binti wa mtu.

Msalimie Mama, na dada yangu na huyo mtoto wake ambaye bado sijamwona. Msalimie shangazi wa kule Kibwezi, na mjomba wa mchele. Mulumba naye anakusalimu, anasema anakufahamu tayari kwa kunisikia. Alhamisi anaanza kungoja mwenzake mpya.

Wakikuuliza, waambie nimefukuzwa, usiwafiche. Hilo silionei haya. Ila ule ukimya wangu wa barabarani hakuna aujuaye huku zaidi ya Papa Lukusa na Mulumba, na sasa na wewe. Nilitaka uwe unaujua kabla hujanipa mkono. Siku yenyewe nitakutumia kwa telegramu kutoka Kinshasa. Nitakuja kwa basi la mchana, Baba, nishuke pale Makindu sokoni watu wote wakiwapo, na kama utakuwapo, nitajua umeisoma barua hii mpaka mwisho.

Mwanao,
Mutua