Picha Niliyoitia Wino

Ijumaa, Kasongo

Mvua ilianza alfajiri ikakatika kabla ya sala ya adhuhuri. Sokoni ni tope tupu, wateja hawakuja, na mimi nimekaa mbele ya cherehani bila kushona. Mkono wangu una wino mpaka kwenye kucha. Sijauosha. Naona raha kuutazama.

Leo nimeiharibu picha yangu nzuri kuliko zote, na mzungu aliyeitaka ameondoka mikono mitupu.

Wacha nieleze, maana nikija kusoma haya uzeeni huenda nikadhani nilikuwa na homa. Mimi hukusanya picha za vita vya zamani, zile ambazo fundi wa Ulaya alizichora kwa kukwaruza bamba la shaba, akalipaka wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Wazungu huziita gravire. Nyingi nimeziokoa dukani kwa Mgiriki kabla hajazifungia chumvi. Majirani wanasema mshonaji huyu anapenda vita. Uongo. Mimi napenda makoti. Ninao askari wa farasi waliolala kwenye theluji, na kila kifungo chao kiko mahali pake, na mistari imepangwa kama mishono midogo ya mkono. Nikichoshwa na kaptula za makarani, nazitazama hizo na moyo unatulia.

Ile moja nilipewa kule Kabambare na mzungu wa kampuni ya pamba aliyekuwa anarudi kwao, baada ya kumpunguzia suruali zake. Inaonyesha Nyangwe siku ilipotekwa, zamani za vita vya Wabelgiji na waungwana, yaani Waarabu na watu wetu waliokuwa nao. Kuna moshi, kuna mto, na watu wetu wanakimbia. Mchoraji hakufika huku hata siku moja. Nyuma ya mto huo, Lualaba, ameweka milima yenye ncha, na kanzu za wazee wetu amezipa vifungo mpaka miguuni na mshipi kiunoni, kama za mapadri. Nilikuwa nikiicheka sana.

Sicheki tena.

Jumatatu alikuja ajenti wa teritwari, mzungu wa serikali anayetutawala hapa, kijana bado, kujaribu suruali niliyokuwa namshonea. Aliongozana na karani wake, Alubati. Akaiona picha ukutani, akasimama, mguu mmoja ndani ya suruali na mwingine nje. Akasema Jumapili wanafungua jumba jipya la mikutano, na picha hiyo ndiyo ya kutundikwa mlangoni, ili kila anayeingia aone jinsi babu zake walivyoletewa amani. Ataifuata Ijumaa. Hakuuliza kama natoa. Alubati, ambaye ni jirani yangu na si mtu mbaya, alinirudia jioni akanishauri niitoe nikitabasamu, kwa kuwa ruhusa yangu ya kwenda kushona Kabambare na Wamaza inatiwa sahihi na ajenti huyohuyo.

Nilikuwa tayari kuitoa. Msimu wa pamba, ni Kabambare inayotulisha mimi na Mama.

Jumanne niliishusha nikaifuta vumbi, nikaiacha mezani. Mama husali katika chumba hiki cha kazi kwa sababu ndicho chenye sakafu ya saruji. Saa ya sala ikifika, mimi huzigeuza picha zote zitazame ukuta, kwani yeye hasali mbele ya sura za watu. Miaka yote hii ameijua migongo yake tu. Siku hiyo nilizigeuza za ukutani, nikaisahau ya mezani.

Mama aliinama juu yake muda mrefu. Siku Nyangwe ilipotekwa yeye alikuwa mtoto mdogo. Mama yake alimbeba mgongoni wakaingia msituni, na baba yake, Salumu, akabaki nyuma. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba hakuna aliyerudi kumtafuta, na hakuna anayeweza kuonyesha alipolala. Mama aliweka kidole juu ya mtu mmoja aliyeanguka kifudifudi kando ya maji, na vile vifungo vyake vya padri.

"Huyu ni baba yangu," akasema.

Nikamweleza polepole kwamba mchoraji hakumwona babu, hakumwona mtu yeyote, alikuwa kwao Ulaya ameketi kwenye kiti.

"Najua, mwanangu. Mimi si mujinga. Lakini baba hana kaburi. Umuache alale hapa."

Tangu hapo sikulala vizuri. Babu yangu atundikwe kwenye mlango wa teritwari, watu wapite chini yake wakipiga makofi? Hapana. Lakini nikiificha, watapekua nyumba. Nikikataa kwa mdomo, nitaitwa mkaidi na kufungiwa. Ndipo nikamkumbuka yule mzungu wa pamba. Aliponipa picha alinionya nisiiguse hata kwa chaki ya fundi, kwa kuwa gravire ikiandikwa kitu imekufa, hakuna atakayeitaka tena.

Basi asubuhi ya leo nimechonga kalamu ya tete kama tulivyofundishwa chuoni tukisoma Kurani, nikachovya wino mzito, nikaandika chini ya yule mtu kwa herufi za Kiarabu, kubwa kubwa: Salumu, baba wa Zaina, alifia Nyangwe. Wino ukapita juu ya moshi, ukapita juu ya maneno ya Kifaransa yaliyochapwa chini ya picha. Kisha nikaitundika mahali pake.

Ajenti alipoiona akawa mwekundu mpaka masikioni. Akauliza nani ameiharibu. Mimi. Akauliza nimeandika upuuzi gani.

"Ile ni jina ya babu yangu, bwana. Iko analala pale."

Alubati alitafsiri akitazama viatu vyake. Ajenti alijaribu kuufuta wino kwa kidole gumba, ukazidi kusambaa. Akaniita mpumbavu, akasema nisahau Kabambare mpaka yeye atakapopenda, akatoka. Suruali yake hakuikumbuka.

Nimeumia, sitasema uongo. Mistari ile mizuri, na mimi nimeimwagia wino kama mtoto. Tena naogopa, maana sijui msimu wa pamba tutakula nini. Lakini angerudi sasa hivi, ningechovya kalamu tena.

Alasiri Mama alitawadha, akasimama mbele ya picha, akafungua mikono akamsomea baba yake Fatiha. Sikuwahi kumwona akimsomea huku anatazama mahali. Alipomaliza akajifuta uso.

"Sasa umugeuze," akaniambia. "Sala ni ya Mungu."

Nikamgeuza.

Suruali ya ajenti bado iko hapa mezani. Kesho nitaimaliza, kila kifungo mahali pake, na nitampelekea mwenyewe mpaka ofisini. Asije akasema mjukuu wa Salumu hajui kazi.