Mama Mkwe Anamwambia Ndama

Mama,

Siku moja mama mkwe wangu alikuwa anaongea na ndama, na mimi niko upande wa pili wa jiko na jembe, nachimba pale anapoambiwa ndama.

"Ndama, hapo si pazuri. Huyo anayechimba asogee karibu na bafu, maji ya kuoga yasipotee bure."

Nikasogea.

"Ndama, amepitiliza. Arudi kidogo."

Nikarudi. Robi mke wangu amekaa mlangoni na tumbo lake, anacheka mpaka anafuta machozi. Ungekuwepo ungemzidi.

Ngoja nikueleze, maana ulituacha Robi hata mimba hana. Sasa anayo, kubwa. Ila kule zahanati nesi alimvuta jicho chini akaangalia, akampima, akasema damu ni kidogo, mtu akizaa hivi anaweza asirudi nyumbani. Akampa vidonge, akasema na mboga za majani kila siku, siyo siku ya mnada tu. Mama, niliposikia hilo neno, asirudi nyumbani, nilitoka nje nikasimama. Hata mwaka ulikuwa haujaisha tangu tukuzike wewe.

Na bustani yako ilikuwa imekwisha. Mbuzi waliingia wiki ile ile ya msiba, watu wako kwenye kulia, nani ataangalia mbuzi. Hata ule mnavu wa pembeni walikula mpaka mizizi.

Nikasema nitalima mwenyewe. Unajua sisi wanaume tunavyokua, asubuhi na ng'ombe, jioni na ng'ombe, mboga tunaiona ikiwa kwenye sahani. Mimi kidogo nilikuwa nakuangalia nikiwa mlangoni pa boma, unavyochuma kwa kidole gumba, unasema "chukua majani, mwache mama yao." Lakini kuangalia siyo kulima. Nilibeba samadi bomani, ya asubuhi ile ile, bado inatoa moshi, nikajaza bustanini, nikapanda mchicha. Sisi watu wa ng'ombe tunaona samadi ikizidi ndiyo baraka. Mchicha ulitoka, ukageuka njano, ukalala chini wote kama umemwagiwa maji ya moto. Baba akaja akatazama, akaniuliza kama napika au nalima.

Robi ndiye aliyempigia simu mama yake kule Gorong'a. Mimi nisingeweza. Kwanza aibu yangu unaijua, pili ni mkwe. Nitamwambia nini mkwe kuhusu mboga? Hata kumsalimia nasalimia nikiangalia miguu yangu.

Alikuja na mbegu za mgagani na mnavu amezifunga kwenye pindo la kitenge, na miche ya sukuma wiki kwenye jani la ndizi lililoloa. Kulala kwa mkwe ni mwiko, kwa hiyo amekaa kwa rafiki yako Mama Nyangi mpaka leo. Kila siku anakuja, anakaa nyuma ya jiko, anamwambia ndama, maana kusema nami ana kwa ana ni mwiko pia. Samadi itoke boma la zamani lile tulilohama, iliyokauka, inayosagika mkononi. Matuta yawe ya kuzama siyo ya kuinuka, huku mvua haina uaminifu. Usipande yote siku moja, panda kidogo, subiri, panda tena, mboga zisije zikakomaa pamoja halafu mkakaa na njaa pamoja. Jivu kwa wadudu. Miiba pande zote, na mlango uwe mwembamba, mtu apite, mbuzi ashindwe.

Mimi nikitoka, yeye anaingia kuangalia. Akitoka, mimi naingia. Nakuta ameweka kijiti mahali nilipokosea. Mama, kwa kweli nilikuwa napenda hivyo. Hakuna mtu wa kunitazama usoni.

Kule mnadani vijana wa rika langu wananiita Mama Mboga. Mmoja aliniuliza nitaanza lini kusuka nywele. Unanijua. Nikanunua chumvi nikarudi.

Halafu siku moja Robi aliingia kuchuma mgagani, mimi natengeneza ule mlango wa miiba. Nikamwona anashika hewa. Akaanguka kwenye tuta. Nilikimbia, na kutoka upande wa pili mama mkwe naye amekimbia, tukakutana hapo hapo juu ya Robi, uso kwa uso. Mimi nikaganda. Kweli, Mama, mke wangu amelala chini na mimi nimeganda kwa ajili ya ukwe.

Akasema, "Chacha, shika miguu. Mimi kichwa."

Jina langu, hivyo hivyo. Tukambeba mpaka ndani, mpaka kitandani kwetu, chumba ambacho hatakiwi hata kukiona. Akamnywesha maji, akamfuta uso, Robi akafungua macho. Hapo ndipo mama mkwe akakumbuka yuko wapi. Akajifunika kichwa kitenge chote, akatoka mbio.

Hakuja tena. Kesho yake hakuja, na kesho yake tena. Nikamwagilia peke yangu, na huku naogopa amesharudi Gorong'a kwa aibu, na damu ya Robi bado. Nilikwenda kwa Mama Nyangi nikasimama nje kwenye uzio. Mama Nyangi aliniangalia akasema heshima haikuletwa kuua watoto wa watu, nenda nyumbani.

Asubuhi nikiwa kwenye matuta nikasikia nyuma ya jiko:

"Ndama, mwambie mwenye nyumba siku ile mimi sikumwona."

Pembeni kulikuwa na kuku anachakura, nikamwambia yule kuku, kwa sauti, "Kuku, mwambie na mimi sikumwona."

Mama, alicheka. Alicheka mpaka ndama akaruka. Na mimi nikacheka, na Robi kitandani.

Juzi nesi amempima tena. Damu imepanda. Alisema sasa anaweza kuzaa vizuri, ila asiache mboga, na akipata uchungu tumpeleke hospitali ya Mugumu tusichelewe. Baba ameshaongea na kijana wa pikipiki.

Wewe hapo ulipolala maji ya matuta yanakupitia karibu. Mnavu umeota wenyewe upande wa miguuni kwako, sijaung'oa. Nakuahidi hii bustani haitakauka tena nikiwa hai, na mtoto akiwa wa kiume nitamfundisha kuchuma, wamcheke tu.

Kwaheri ya leo, Mama. Inabidi niondoke hapa bustanini sasa hivi. Mama mkwe amesimama kule kwenye miiba na ndoo ya maji kichwani, jua linampiga, na hawezi kuingia mpaka mimi nitoke.

Mwanao,
Chacha