Aliyenadi Ziwani Port Bell

Mjukuu wangu Hamida,

Asalaam aleikum. Huku Lubaga hatujambo. Goti la mama yako limepona, na mjomba wako amepaka duka rangi mpya. Umeniuliza serikali itatozaje kodi tangazo la kwenye simu, ilhali anayelitangaza yuko nchi nyingine.

Miaka michache baada ya vita vya 1979 nilikuwa karani wa forodha Port Bell. Asubuhi moja ziwa lilijaa ukungu, tukasikia mwanamume akinadi, kwa Kiswahili cha pwani, bidhaa walizoleta huku mababu zetu: vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga. Mkubwa wangu, Mzee Ssali, akachukua daftari akashuka gatini.

"Una mzigo gani?" akauliza.

"Sina mzigo. Nanadi tu," sauti ikajibu, karibu kabisa nasi. Kisha ikasema taratibu, "Binti Salum, bafta ya sanda ipo."

Binti Salum ni mimi.

Ukungu ulipoondoka, hapakuwa na chombo. Mzee Ssali akaandika: "Mzigo hakuna. Tangazo limefika." Akanigeukia. "Ningelitoza hapa lilipofikia. Lakini nimdai nani?"

Swali lako, Hamida, ni lile lile la Mzee Ssali.

Niliomba ruhusa nikakimbilia nyumbani, nikihofia sanda hiyo ni ya Baba. Baba alikuwa kibarazani, mzima, kikombe cha chai mkononi, mbali kabisa na ziwa. Kabla sijafungua kinywa akaniuliza, "Nimemsikia hata hapa. Kwako amenadi nini?"

Nikavuta kigoda. Nilikaa naye mpaka magharibi.

Mungu akulinde huko uliko.

Bibi yako